IBN AL-HAYTHAM NA SIRI YA NAMBA TASA

Wewe kijana uliyefeli hisabati ukaona dunia imekwisha, njoo umjue mtu huyu.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 965. Wanahistoria wa zamani wanasimulia kwamba alijisifu kuwa angeweza kuyatawala maji ya mto Nile. Habari zikamfikia al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita aje aifanye kazi. Alipopanda mto hadi upande wa Aswan, akaona haiwezekani. Ikabidi arudi akiri. Lakini al-Hakim si mtu wa kuchezewa! Kwa kumhofia akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka mtawala huyo alipotoweka mwaka 1021.

Je, alikata tamaa? Hata kidogo. Aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, Cairo, akipata riziki kwa kunakili vitabu vya hisabati huku akiandika vyake. Kitabu chake kuhusu nuru na macho, Kitab al-Manazir, kilisomwa mpaka Ulaya.

Leo tutazame namba zake. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5 na 7. Aliuliza: ni namba gani ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki 1, lakini ukiigawa kwa 7 haibaki kitu? Hebu chukua kalamu. Zidisha 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, utapata 720. Ongeza 1, iwe 721. Gawa kwa 7: ni 103 kamili!

Usidhani ni bahati. Jaribu 5: zidisha kuanzia 1 hadi 4, upate 24, ongeza 1, na 25 inagawanyika kwa 5. Sasa jaribu 6, ambayo si tasa: 120 na 1 ni 121, ukigawa kwa 6 inabaki 1. Imekataa.

Ibn al-Haytham alieleza kuwa kila namba tasa ina sifa hii. Zaidi ya miaka 700 baadaye, mwaka 1770, kanuni hiyo ilichapishwa Uingereza kwa jina la John Wilson, na muda mfupi baadaye Lagrange akaithibitisha. Mpaka leo inaitwa kanuni ya Wilson.

Mwaka 2024 iligunduliwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Hakuna kompyuta ya kumaliza mazidisho yake yote, lakini kanuni inaishika vilevile kama inavyoishika 7.

Alifariki Cairo mnamo mwaka 1040. Ndugu yangu, huyu alishindwa na mto mbele ya mtawala, akarudi kwenye kalamu yake. Nawe baada ya tarawehe ichukue yako, uijaribu 11.

Allah amrehemu. Wabillahi tawfiq.