TSIOLKOVSKY, MWALIMU KIZIWI WA KALUGA

Ukitembea katika mji wa Kaluga, kusini magharibi mwa Moscow nchini Urusi, utakutana na jina moja kila upande. Liko barabarani, liko bustanini, liko kwenye jumba la makumbusho. Mwenye jina hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwalimu wa shule, tena kiziwi! Wanachama wenzangu, huyo ndiye Konstantin Tsiolkovsky.

Alizaliwa mwaka wa 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, mkoani Ryazan. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, alishikwa na homa kali yenye vipele vyekundu. Alipona, lakini masikio yakawa yameharibika. Darasani hakumsikia mwalimu. Alipofika miaka 13 mamake naye akafariki. Mwishowe akaacha shule kabisa.

Je, alikaa bure? La hasha! Alisoma vitabu vya babake peke yake. Mwaka wa 1873, akiwa na miaka 16 kama mimi sasa, babake alimtuma Moscow. Pesa alizotumiwa zilikuwa kidogo sana, na nyingi ya hizo alinunulia vitabu na kemikali, yeye akala mkate mtupu. Kutwa alishinda maktabani ambako hakulipishwa chochote. Kwa miaka mitatu alijifundisha hisabati, fizikia na elimu ya nyota. Mwaka wa 1879 alipita mtihani wa ualimu, akafundisha Borovsk, na mwaka wa 1892 akahamishiwa Kaluga. Hapo aliishi miaka 43, hadi alipofariki.

Mwaka wa 1904 alinunua nyumba ndogo ya mbao katika Barabara ya Korovinskaya, karibu na Mto Oka. Kule theluji ikiyeyuka mto hufura, na mwaka wa 1908 maji yaliingia mpaka ndani ya nyumba. Mwalimu hakuhama. Aliongeza chumba cha juu, akakifanya mahali pake pa kazi. Mchana alifundisha, na wakati uliobaki alipiga hesabu. Wanafunzi wakitaka kusema naye, aliweka sikioni tarumbeta ya bati aliyojitengenezea mwenyewe.

Hesabu zenyewe zilihusu nini? Roketi! Katika makala aliyoitoa mwaka wa 1903 alieleza kwamba roketi haihitaji hewa ya kusukumia. Inatupa gesi nyuma, nayo inasonga mbele. Mwendo wake hutegemea kasi ya gesi hiyo, na uzito wa fueli ikilinganishwa na uzito wa roketi yenyewe. Alipendekeza fueli ya majimaji, yaani haidrojeni na oksijeni. Wakati huo hata ndege ya kwanza yenye injini ilikuwa bado haijaruka. Basi majirani walimwona ati ni mtu wa ajabu tu, akipita zake na baiskeli. Nabii hakubaliki kwao.

Alianza kulipwa pensheni na serikali mwaka wa 1921. Alifariki tarehe 19 Septemba 1935, akazikwa katika bustani ya mji. Ndipo Kaluga ikafunguka macho. Bustani hiyo sasa ina jina lake. Barabara ya Korovinskaya, ile ya mafuriko, ni Barabara ya Tsiolkovsky, na nyumba yake ikawa makumbusho mwaka wa 1936.

Mwaka wa 1957, miaka 100 tangu azaliwe, Wasovieti walirusha setilaiti ya kwanza. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kufika anga za juu. Miezi miwili baadaye alikuwa Kaluga, akiweka jiwe la msingi la makumbusho ya safari za anga, yaliyofunguliwa mwaka wa 1967. Hata kwetu Kenya, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kwa roketi karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Hesabu ni zile zile za mwalimu wa Kaluga.

Wenzangu wa shule ya kutwa, sisi hulia kila siku kwamba vifaa ni haba na stima hupotea. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize: yule kijana kiziwi mwenye mkate mtupu alikuwa na nini kutushinda? Alikuwa na mlango wa maktaba uliokuwa wazi, na hakukosa kuingia. Hata yetu i wazi saa ya chakula cha mchana.