Addie Joss

Adrian Joss, maarufu kama Addie Joss (Woodland, Wisconsin, 12 Aprili 1880 – Toledo, Ohio, 14 Aprili 1911), alikuwa mchezaji wa besiboli ya kulipwa kutoka nchini Marekani. Alikuwa mrushaji wa timu ya Cleveland kuanzia mwaka 1902.

Anakumbukwa hasa kwa mchezo wa tarehe 2 Oktoba 1908 dhidi ya Chicago White Sox, wakati timu zote mbili zilipokuwa zikiwania ubingwa wa ligi. Wapigaji wa Chicago walitolewa mara 27 mfululizo, wala hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Cleveland ilishinda 1–0, lakini mwishowe ubingwa ulichukuliwa na Detroit Tigers.

Joss alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyotokana na kifua kikuu, siku mbili baada ya kutimiza miaka 31. Mwezi Julai 1911 nyota wa timu nyingine walicheza na Cleveland ili kuichangia familia yake.

Kwa kuwa alicheza misimu 9 tu, na kanuni ilidai 10, aliingizwa katika Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa Besiboli mwaka 1978 tu, baada ya kanuni hiyo kulegezwa kwa ajili yake.