Padre de l'Épée, Mwalimu wa Viziwi

Kwa karne nyingi mtoto aliyezaliwa kiziwi alihesabiwa kuwa mtu asiyefundishika. Hakusikia, kwa hiyo hakusema. Na kwa kuwa hakusema, watu walidhani hana mawazo ya kusemwa. Ni kweli wako waliofundishwa. Huko Hispania, katika karne ya 16, mtawa Mbenedikto Pedro Ponce de León aliwafundisha wana wa mabwana wakubwa kusoma, kuandika na hata kutamka. Lakini mtoto kiziwi wa maskini hakuwa na mwalimu. Aliyemfungulia mlango wa shule ni padre wa Kifaransa, Charles-Michel de l'Épée.

Alizaliwa Versailles tarehe 24 Novemba 1712. Tangu ujana alitamani upadre, lakini alikataa kutia sahihi tamko la kuyakana mafundisho ya Wajanseni, akazuiliwa. Akasoma sheria, baadaye Askofu wa Troyes akampokea na kumpa daraja. Hata hivyo, katika Paris wakubwa wa Kanisa walimnyima ruhusa ya kuungamisha. Hatusemi kwamba alikuwa na haki katika jambo hilo. Twasema tu kwamba alikaribia umri wa miaka 50 akiwa padre asiye na cheo, naye alikuwa na nafasi ya kuwatazama watu ambao wengine waliwapita.

Yasimuliwa kwamba yapata mwaka 1760 aliingia katika nyumba moja ya Paris akawakuta dada wawili mapacha wakishona. Akawasalimu, wasijibu. Akasema tena, wao wakaendelea na sindano zao. Mama yao aliporudi ndipo alipomweleza kwamba binti zake ni viziwi, na kwamba Padre Vanin, aliyekuwa akiwafundisha dini kwa picha, amekwisha kufa. Padre de l'Épée aliingiwa na hofu kwamba watoto hao wangeishi na kufa bila kumjua Mungu wao. Akaamua kuwafundisha mwenyewe, ingawa hakuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo.

Walimu wengine wa viziwi walitaka kwanza kiziwi atamke, ndipo afundishwe. Yeye aliona kwamba wanafunzi wake wanazungumza kwa mikono, akaenda kujifunza kwao. Wengi husema kwamba ndiye aliyebuni lugha ya ishara, si kweli. Viziwi wa Paris walikuwa nayo tayari, na mmoja wao, Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu, aliandika kitabu mwaka 1779 kuitetea. Kazi ya padre ilikuwa kuichukua lugha hiyo, ambayo watu waliidharau, na kuiingiza darasani.

Alionyesha kitu, akafanya ishara yake, kisha akaandika neno lake. Wakati uliopita aliufundisha kwa kuutupa mkono nyuma ya bega. Je, neno lisiloonekana kwa macho? Hapo ndipo tunapomstaajabia. Kwa neno kusadiki alifundisha hivi: akilini nakubali, moyoni nakubali, kinywani nakubali, na kwa macho sijaona. Wako wanafunzi wengi wa katekisimu wenye masikio mazima ambao hawajapata kuelezwa imani waziwazi namna hiyo.

Mbinu yake ilikuwa na kasoro, tena si ndogo. Aliziongezea ishara za viziwi alama za sarufi ya Kifaransa, zikawa nzito na ndefu. Wanafunzi waliweza kuandika imla kwa lugha kadhaa mbele ya wageni wakashangiliwa, lakini kutunga sentensi ya mawazo yao wenyewe kuliwashinda wengi.

Shule ilikuwa nyumbani kwake, katika mtaa wa Moulins, bila ada. Wakati walimu wengine waliificha njia yao kama siri ya biashara, yeye aliichapisha mwaka 1776, na mtu yeyote aliruhusiwa kuja kutazama masomo. Mwaka 1777 alikuja Kaisari Joseph II, kisha akamtuma padre kujifunza; shule ya Vienna ikafunguliwa mwaka 1779. Urithi wa de l'Épée uliishia kwa wanafunzi. Yasemekana kwamba katika baridi kali ya mwaka 1788 alikataa kununua kuni za chumba chake ili wao wasipungukiwe, mpaka wakaja kumsihi kwa machozi.

Alifariki tarehe 23 Desemba 1789, akazikwa katika kanisa la Saint-Roch. Mwaka 1791 Bunge la Ufaransa liliitwaa shule yake iwe chini ya ulinzi wa taifa. Kutoka shule hiyo kiziwi Laurent Clerc alivuka bahari mwaka 1816, na mwaka uliofuata akasaidia kufungua shule ya viziwi ya Hartford, Marekani.

Mwaka 1880 walimu walikutana Milano, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaamua kwamba ishara ziondolewe shuleni na viziwi wafundishwe kwa kutamka tu. Walimu viziwi wakapoteza kazi, na watoto wakakatazwa kutumia mikono yao darasani. Uamuzi huo ulikataliwa rasmi, na majuto yakaonyeshwa, katika mkutano wa namna hiyo uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010.