Bell wa Karamoja: Msasi aliyewaangusha ndovu kwa risasi nyembamba

RISASI iliyompa umaarufu haikuzidi unene wa kalamu ya risasi anayoandikia mtoto wa shule ya msingi. Kipenyo chake kilikuwa milimita 7, na uzani wake gramu 11 hivi. Hata hivyo, ni kwa risasi ya aina hiyo ambapo Walter Dalrymple Maitland Bell, almaarufu Karamojo Bell, aliwaua wengi wa ndovu 1,011 aliowahesabu katika maisha yake ya usasi.

Idadi hiyo humtia simanzi msomaji wa leo, na ana haki ya kusikitika. Lakini maisha ya Mskoti huyu yanabeba pia jibu la swali ambalo limewagawanya wasasi kwa zaidi ya karne moja: ni risasi gani inayomwangusha mnyama mkubwa papo hapo, bila kumwacha akitangatanga porini na jeraha?

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na jiji la Edinburgh, katika familia iliyojiweza. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mtoto mdogo, naye akabaki mikononi mwa ndugu zake wakubwa. Shule haikumkalia. Alitoroka zaidi ya mara moja, na alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi akapelekwa kufanya kazi melini.

Ndoto yake ilikuwa Afrika. Hajatimiza hata miaka 18 alipotua Mombasa na bunduki yake ya kupakia risasi moja moja, na akaajiriwa kuwapiga simba waliokuwa wakiwahangaisha wajenzi wa Reli ya Uganda. Hiyo ndiyo miaka ambayo jina la Tsavo lilianza kutajwa kwa hofu kote duniani.

Kutoka huku alielekea Klondike, kaskazini mwa Kanada, ambako watu walikuwa wakimiminika kutafuta dhahabu. Bell hakupata dhahabu. Alijikimu kwa kuwinda kulungu na wanyama wengine wakubwa wa jamii hiyo, nyama ikauzwa kwa wachimba migodi wa mji wa Dawson. Mwenzake aliyekuwa akipeleka nyama sokoni alitoweka na fedha zote, na kijana huyo akalazimika kuuza bunduki yake. Punde akajiandikisha katika kikosi cha Kanada kilichokwenda kupigana katika Vita vya Makaburu, Afrika Kusini.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1902, alirejea Afrika Mashariki, safari hii kutafuta pembe za ndovu. Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilijipanga kabla ya kuelekea kaskazini. Mbele yao kulikuwa na Karamoja, nchi kame ya wafugaji ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaitia mkononi. Jina la nchi hiyo ndilo lililogeuka kuwa lakabu yake.

Huko Bell alitambua kwamba bila wenyeji asingefika popote. Aliwategemea wapagazi na wafuatiliaji nyayo, akiwemo Mkaramojong hodari aliyemtaja katika kumbukumbu zake kwa jina la Pyjale. Kwa hesabu yake mwenyewe, kila ndovu dume alimgharimu mwendo wa wastani wa maili 73, yaani takriban kilomita 117, kwa miguu.

Mwendo huo ulichangia uamuzi wake kuhusu silaha. Wasasi wengi wa wakati huo waliamini kwamba mnyama mkubwa sharti apigwe kwa risasi kubwa. Walibeba bunduki za mitutu miwili zenye uzani wa kilo 6 hivi, ambazo risasi yake moja ilikaribia gramu 50. Mshindo wake ulitikisa msitu, na teke lake liliwaumiza mabega kiasi cha kuwafanya waogope kuifyatua.

Bell alishika njia nyingine. Bunduki yake aliyoipenda kuliko zote ilitengenezwa na kampuni ya Rigby ya London kwa mtambo wa Mauser wa Ujerumani. Ilikuwa nyepesi, ilibeba risasi kadhaa kwa pamoja, na haikumsumbua bega. Mlio wake ulikuwa mdogo, hivyo kundi la ndovu halikushtuka upesi likatimua mbio.

Hata hivyo, siri haikuwa wepesi wa bunduki peke yake. Bell aliagiza mafuvu ya ndovu yapasuliwe katikati kwa msumeno, akachunguza mahali hasa ubongo ulipo. Aligundua kwamba ni mdogo mno ukilinganishwa na kichwa, na umejificha nyuma ya mifupa minene yenye vitundu vingi mithili ya sega la nyuki. Kwa maarifa hayo aliweza kuulenga akiwa mbele, ubavuni, na hata nyuma ya mnyama, ambapo risasi ilipenya kwenye misuli ya shingo hadi kichwani. Shabaha hiyo ya nyuma ingali inaitwa kwa jina lake.

Ili risasi iufikie ubongo, ilibidi ipite kwenye mifupa bila kupinda wala kuvunjika. Ndiyo sababu Bell alitumia risasi ngumu tu, zilizofunikwa kwa gamba la metali kote hadi nchani. Risasi ndefu na nyembamba ya namna hiyo hupenya kwa kina na kushika njia iliyonyooka. Yenye ncha laini ingetanuka au kumeguka ikigonga fuvu, na ndovu angeondoka na maumivu.

Jambo la tatu alilolizingatia ni uaminifu wa risasi yenyewe. Aliwahi kutumia bunduki ya Mannlicher iliyokuwa nyepesi zaidi, lakini akaiacha kwa sababu ya kasoro za risasi zake. Zile za Kijerumani za milimita 7 hazikumwangusha. Mbele ya ndovu aliyekasirika, risasi inayokataa kulipuka ni hukumu ya kifo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Bell alijifunza urubani na kupigana katika anga za Tanganyika, kisha Ulaya, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Mwaka wa 1923 alichapisha kitabu chake cha kwanza, na hatimaye akatulia katika shamba lake la Corriemoillie, nyanda za juu za Uskoti.

Huko aliwinda kulungu wekundu, na hapo kanuni ikageuka. Kulungu ana ngozi nyepesi na mwili mdogo. Risasi ngumu ya ndovu ingempitia upande hadi upande na kuacha kitundu chembamba, naye angekimbia mbali kabla ya kufa. Anayefaa kulungu ni risasi inayotanuka na kuyaharibu mapafu au moyo mara moja. Bell alichagua bunduki ya .220 Swift, iliyotoka Marekani mwaka wa 1935, ambayo risasi yake ya gramu 3 hivi ilienda kwa kasi ya zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Aliisifu sana.

Sheria haikukubaliana naye. Leo, kwa kulungu wekundu, Uskoti inataka risasi inayotanuka na isiyopungua gramu 5. Aidha, mataifa kadhaa ya Afrika yanayoruhusu usasi yamepiga marufuku bunduki nyembamba kwa ndovu na nyati. Sababu ni kwamba wengi waliomuiga Bell walichukua bunduki yake, wala hawakuchukua utulivu wa mkono wake wala subira ya kuyapasua mafuvu. Risasi nyembamba haisamehe shabaha mbaya, na anayelipa ni mnyama aliyejeruhiwa, au mfuatiliaji nyayo anayetumwa kichakani kumtafuta.

Bell alifariki mwaka wa 1954. Miaka minane baadaye, sehemu ya Karamoja alikowahi kuwinda ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Kidepo. Kenya nayo ilipiga marufuku usasi mwaka wa 1977, na mwaka wa 1989 ikateketeza tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia.

Ndovu wangalipo Kidepo. Usahihi wa mkono wa Bell uliwapunguzia mababu zao maumivu ya kifo, lakini haukuwapunguzia kifo chenyewe.