George Lilanga (1934–2005): Mnyama, Shetani na Mtu

George Lilanga, Mmakonde, alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilayani Masasi, wilaya ilimo Lupaso. Alianza kuchonga angali kijana, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1970 alijiunga na Nyumba ya Sanaa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Sanaa yake huainishwa kwa jina la shetani, neno lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo, maana yake hapa si Ibilisi. Viumbe wa Lilanga, waliochongwa kwa mti na kupakwa rangi kali, wana masikio makubwa na vidole vichache mithili ya wanyama. Lakini hucheza ngoma, hunywa pombe na kupiga soga. Umbo ni la mnyama, mwenendo ni wa mtu. Mtazamaji anayeishia kwenye jina humcheka kiumbe wa porini. Anayechunguza matendo hujiona mwenyewe.

Kisukari kilisababisha akatwe miguu, lakini aliendelea na kazi hadi alipokaribia kufariki mwaka 2005. Uainishaji wa sanaa hiyo, basi, hauna budi kuanzia kwenye matendo ya viumbe hao, si kwenye jina walilopewa.