Ousmane Sembène: Kutoka Filamu Fupi hadi Filamu Ndefu

Wengi wetu tulikutana na Ousmane Sembène kupitia riwaya yake ya mwaka 1960 kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger. Alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal, akiwa mwana wa mvuvi. Masomo yake yalikatika mapema. Alifanya vibarua, akapigana katika jeshi la Ufaransa, kisha akawa kuli bandarini Marseille, na humo ndimo uandishi wake ulimozaliwa. Hata hivyo, wananchi aliowaandikia hawakujua kusoma Kifaransa. Kwa sababu hiyo, mnamo 1962, akikaribia umri wa miaka arobaini, alikwenda Moscow kusomea sinema.

Zao la kwanza lilikuwa *Borom Sarret* (1963), filamu ya dakika ishirini hivi. Mwendesha mkokoteni wa Dakar anabeba abiria wasiolipa, anaingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imepigwa marufuku, na polisi anamnyang'anya chombo chake cha riziki. Sauti haikunaswa pamoja na picha. Mawazo ya mhusika yaliingizwa baadaye, nasi tunayasikia kama mtu anayejisemea moyoni. Uhaba wa vifaa ulimzalia Sembène mbinu ya usimulizi.

Alipotaka kutengeneza filamu ndefu, hakukirefusha kisa cha mkokoteni. Aliichukua hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1962, inayomhusu Diouana, kijakazi anayetolewa Dakar hadi Antibes na kufungiwa jikoni mwa waajiri wake hadi anapojiua. Kilichohama kutoka filamu fupi ni ile sauti ya moyoni, ambayo sasa ilibeba takriban saa nzima. Diouana huwajibu mabwana zake kwa maneno machache mno, ilhali ndani yake anasema bila kukoma. Sidhani kama vifaa bora vingalimpa Sembène ukimya wenye kishindo kama huo.

Ofisi ya sinema ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa iliukataa mswada wake. Sembène aliitengeneza filamu hiyo kwa kampuni yake ndogo akishirikiana na mtayarishaji Mfaransa, André Zwoboda. Kanuni za Ufaransa kuhusu urefu wa filamu zilimlazimisha kuikata, na sehemu fupi yenye rangi ikaondolewa. *La Noire de...* ilitoka mwaka 1966, ikatuzwa Tuzo ya Jean Vigo na tuzo kuu ya tamasha la Carthage.

Pamoja na ushindi huo, dosari moja haifichiki, nayo yatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko wengine. Diouana hakusoma, lakini anawaza kwa Kifaransa fasaha, tena kwa sauti ya mwigizaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Mtu aliyeiacha kalamu ili asikike kwa wasiojua Kifaransa alikuwa amerudi kwenye lugha ile ile. Ni kweli kwamba fedha na soko vilimbana, ila nashuku hata yeye hakuridhika. Katika *Mandabi* (1968), kisa cha mzee anayetumiwa hawala ya posta na kushindwa kuitoa kwa kukosa kitambulisho, wahusika wanasema Kiwolofu. Toleo la Kifaransa lilitengenezwa pia, kwa kuwa wafadhili walilitaka.

Sembène alifariki Dakar mnamo Juni 2007. Filamu yake ya mwisho, *Moolaadé* ya mwaka 2004, inazungumza hasa Kibambara.