George Reeves: Mtu Aliyefichwa na Vazi Lake

Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika safu yetu ya leo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji, hususan wale waliokabidhiwa dhamana ya kusimamia sanaa na vyombo vya habari, maisha ya mtu aliyevaa nguo ya kuazima kwa muda wa miaka saba. Nguo hiyo ilimpa jina kubwa kuliko alivyopata kutarajia, lakini mwisho wa yote haikumsitiri. Mtu huyo ni George Reeves, mchezaji wa filamu wa Marekani, ambaye watoto wa nchi yake walimjua kwa jina la Superman.

Alizaliwa tarehe 5 Januari, 1914, katika kijiji cha Woolstock, jimbo la Iowa, akapewa jina la George Keefer Brewer. Wazazi wake walitengana angali mchanga, na mama yake akahamia naye California, ambako aliolewa na mume mwingine. Kijana akalichukua jina la baba yake wa kambo, Bessolo. Alikulia Pasadena, akapenda ndondi na muziki, kisha akaingia katika jumba la michezo ya kuigiza la mji huo na kujifunza kazi kwa taratibu, kama mwanagenzi ajifunzavyo kwa fundi. Jina la Reeves alipewa na kampuni ya filamu. Basi tazama, hata kabla ya kuvaa vazi la Superman, jina alilokuwa akilitumia halikuwa lake.

Mwaka 1939 alionekana katika filamu mashuhuri ya Gone with the Wind. Alikuwa mmoja wa mapacha wawili wanaozungumza na bibi mkuu wa kisa pale filamu inapofunguka. Sehemu hiyo ilikuwa ndogo, lakini mlango ulikwisha kufunguka. Mwaka 1943 alipata sehemu iliyo kubwa zaidi katika filamu ya So Proudly We Hail!, pamoja na Claudette Colbert. Mwongozaji wa filamu hiyo, Mark Sandrich, alikuwa na nia ya kumkweza daraja. Mara vita vikamwita. Reeves aliingia katika jeshi la anga, akacheza katika michezo na filamu za kijeshi. Aliporejea uraiani, Sandrich alikuwa amekwisha fariki mwaka 1945, na mlango ule ulikuwa umerudishwa. Akawa anaokota kazi ndogondogo hapa na pale, ilimradi mkono uende kinywani.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya Superman. Shujaa huyu alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatokea katika kitabu cha katuni mwaka 1938. Vijana hao waliiuza haki yao yote kwa dola 130. Wengine walivuna mamilioni, na wabunifu wenyewe wakabaki kuhangaika, hata ilipofika mwaka 1975, baada ya malalamiko yao kusikika hadharani, ndipo wakakubaliwa kiinua mgongo cha kila mwaka na majina yao yakarudishwa juu ya kazi yao.

Mwaka 1951 ilitengenezwa filamu fupi, isiyofika hata saa moja, iitwayo Superman and the Mole Men, kwa kusudi la kufungua njia ya mfululizo wa televisheni. Fedha zilikuwa chache na siku za kazi zilikuwa chache zaidi. Silaha ya ajabu ya wale watu wadogo watokao chini ya ardhi ilikuwa ni mashine ya kufyonza vumbi iliyobandikwa vipande vya bati. Mwenye kutaka kucheka atacheka, na hatumzuii.

Lakini atakayetazama kisa chenyewe atakuta jambo lenye uzito. Kisima kirefu cha mafuta kimechimbwa karibu na mji mdogo, na viumbe wanaoishi chini ya ardhi wakapanda juu kutazama kulikoni. Hawakumdhuru mtu. Raia wakaingiwa na hofu, hofu ikazaa chuki, na chuki ikashika bunduki. Mmoja wa wale wageni akapigwa risasi, akapelekwa hospitali, na kundi la watu wenye silaha likaja mlangoni kumtaka. Reeves, ndani ya vazi lake, akasimama kati ya kundi lile na majeruhi. Katika filamu ile nguvu za shujaa hazikutumiwa kumshinda adui kutoka nje. Zilitumiwa kuwazuia wenyeji wasimdhulumu mnyonge. Funzo hilo lilitolewa kwa fedha kidogo, na filamu nyingi za fedha nyingi hazijalifikia.

Filamu hiyo baadaye ilikatwa vipande viwili ikaingizwa katika mfululizo wa Adventures of Superman, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, vipindi 104 kwa jumla. Kazi ilikuwa ngumu. Ili kuokoa fedha, sehemu za vipindi kadhaa zilipigwa picha kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana wachezaji walivaa suti na magauni yale yale kila wiki. Vazi la shujaa lilijazwa sponji ili kifua kionekane kipana, na katika miaka ya picha zisizo na rangi lilishonwa kwa kitambaa cha kijivu na hudhurungi, kwa kuwa rangi hizo zilionekana vizuri zaidi katika kamera. Mwanzoni alining'inizwa kwa waya ili aonekane anaruka. Waya zikamwangusha, na tangu hapo ikatafutwa njia nyingine, akawa anajirusha kutoka katika ubao wenye springi. Mtu aliyeaminiwa kuwa risasi hazimwingii alikuwa akirudi nyumbani na mwili unaouma.

Pamoja na hayo hakuidharau kazi yake. Alitambua kwamba watoto wanamwamini, akauchukua uaminifu huo kuwa ni amana. Mwaka 1954 alicheza katika filamu maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ya kuwahimiza wanafunzi kununua stempu za akiba. Serikali iliona kuwa neno la Superman litafika mahali ambapo waraka wa wizara usingefika, na mchezaji akakubali kulifikisha.

Hata hivyo vazi lilianza kummeza mwenyewe. Malipo yake yalikuwa ya zile wiki za kupiga picha tu, na mikataba iliwabana wachezaji wasiweze kujifunga na kazi nyingine kwa uhuru. Baya zaidi ni kwamba kila alipoonekana katika filamu nyingine, watazamaji walimwona Superman, hawakumwona yeye. Mtu aliyesomea uigizaji tangu ujana, aliyekuwa na uwezo wa kucheza sura nyingi, alifungiwa katika sura moja. Akajaribu kujitafutia njia kwa kuongoza, na vipindi vitatu vya mwisho vya mfululizo ule viliongozwa na yeye. Mlango huo nao haukufunguka zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni, 1959, alikufa kwa risasi chumbani mwake, mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 45. Wenye mamlaka waliamua kuwa alijiua. Mama yake hakukubali, na ubishi umeendelea vizazi hata vizazi, hata ikatengenezwa filamu juu yake mwaka 2006. Safu hii haina haki ya kukata shauri lililowashinda waliokuwapo. Tunalojua ni kwamba watu walikuwa tayari kubishana miaka mingi juu ya kifo chake, na wachache sana walikuwa tayari kuuliza, alipokuwa hai, kama ana kazi ya kesho.

Mwaka 1960 aliwekewa nyota katika njia ya heshima ya Hollywood. Chanda chema huvikwa pete, lakini chanda hicho kilikuwa kimekwisha kuzikwa.

Yapo mafunzo hapa kwa sisi watu wa Visiwani. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, wakati Bara haikuwa na kituo chochote hadi miaka ya 1990. Tunajua fahari ya kuwatangulia wengine. Watengenezaji wa Superman nao walianza kupiga picha za rangi mwaka 1954, ilhali nyumba chache tu nchini mwao zilikuwa na seti za rangi, na uamuzi huo ukakifanya kipindi kiishi miaka mingi baada ya mchezaji wake. Mitambo waliiandalia kesho, na hilo tunawasifu. Mtu hawakumwandalia, na hilo hatuwezi kulisifu.

Ndugu watendaji, uchache wa fedha si aibu, na kazi njema inaweza kufanywa nao. Aibu ni kuufanya uchache huo kisingizio cha kumwacha msanii bila mkataba wa haki, bila akiba, na bila nafasi ya kukua katika kazi yake. Wapo miongoni mwetu waigizaji na waimbaji ambao wananchi wanawajua kwa majina ya michezo yao tu, na majina waliyopewa na wazazi wao yamesahauliwa. Tuwaulize hali zao leo, wangali wanasikia.